Barua ya wazi: ile nyumba ya Mkunazini ilikuwa kota ya manesi, tuambieni hivyo

Kwa wakubwa wetu wa Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale, wa Mamlaka ya Mji Mkongwe, na wazee wa Kanisa Anglikana pale Mkunazini.

Asalaam alaykum, na kwa wale wa upande wa pili Bwana asifiwe, na shikamooni wote mnaostahiki shikamoo. Barua hii naiandika wazi kwa sababu mambo yenyewe hayana siri, yameshaandikwa na wasomi miaka mingi, tatizo ni kuwa yakitoka kwenye vitabu hayafiki barazani.

Mimi si mwanahistoria, ni mtu wa Kikwajuni tu ninayepita Mkunazini karibu kila siku nikienda Darajani. Na miaka yote hiyo jengo la Mtakatifu Monika, lile lililo uwanja mmoja na kanisa kubwa, nimelijua kwa jina moja: "kwenye vyumba vya watumwa." Ndivyo tunavyoelekezana, ndivyo mapapasi wanavyowaambia wageni, na nikiwa skuli ndivyo nilivyoambiwa na mimi. Unashuka ngazi, unainama usigonge kichwa, unaoneshwa chumba kimoja unaambiwa humu walitiwa wanawake na watoto sabini na tano, cha pili wanaume hamsini, wakingoja kuuzwa. Unatoka huko umenyamaza. Mimi nilitoka nimenyamaza, na usiku sikulala vizuri.

Juzi juzi shangazi yangu kaja kutoka Wete, Pemba, kuangaliwa macho. Shangazi ni nesi mstaafu, kafanya kazi miaka thelathini na kitu, na nusu ya miaka hiyo kalala kwenye kota za spitali. Nikamwambia twende nikutembeze mjini ukaone wanachokiona wageni. Tulipofika pale hakutaka kuingia mara moja, kasimama juani na mwavuli wake anaangalia juu, anaangalia baraza, anaangalia madirisha, kisha kageuka kama mtu anayepima kiwanja, akacheka peke yake. Nikamuuliza vipi shangazi. Akanambia, "We mtoto, hii si kota hii?"

Nikamwambia hapana, haya ni makumbusho ya utumwa. Akasema sikukuuliza sasa hivi ni nini, nimekuuliza ilikuwa nini. Kota ya manesi haijifichi, anasema, inajengwa karibu na wodi ili ukigongewa mlango usiku ufike mgonjwa hajakata roho, lakini haijengwi karibu sana kwa sababu na nesi naye anataka kulala. Inawekewa baraza pana maana aliyetoka zamu ya usiku hawezi kulala mchana chumbani na joto letu hili. Na chini lazima iwe na stoo. Nikamuuliza stoo ya nini. "Ya dawa. Kwani dawa za spitali wewe ungeziweka wapi, juu ya bati?"

Hakuna aliyemwambia kitu, wallahi, hajawahi kusoma kitabu chochote kuhusu nyumba ile. Na kapatia.

Maana historia yenyewe, waheshimiwa, nyinyi mnaijua kuliko mimi. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, Sultani Sayyid Barghash katia saini huku manowari za Waingereza zikiwa mlangoni, na balozi John Kirk ndiye aliyekuwa akimbana. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ambao walikuwa wameshahamia Unguja tangu 1864 baada ya kushindwa na homa kule Mto Shire, Malawi ya leo, wakapata kiwanja cha soko, sehemu yake ikiwa zawadi ya tajiri wa Kihindi aitwaye Jairam Senji. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wa 1873, na Krismasi ya 1877 wakasali humo ibada ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya Askofu Edward Steere, huyohuyo aliyekaa kutuandikia sarufi na hadithi zetu. Nyumba ya Mtakatifu Monika ikaja baadaye, miaka ya 1890, wakati misheni ilipokuwa na spitali yake hapo Mkunazini na inahitaji pahala pa kuwalaza manesi na watumishi wengine.

Sasa hebu tupige hesabu ya kitoto. Soko limefungwa 1873, nyumba imejengwa miaka ya 1890. Watumwa wa soko lile watakuwaje chini ya nyumba ambayo haijajengwa? Wanahistoria wameshalisema hili, kwamba vile vyumba vya chini vinaelekea kuwa ni stoo ya spitali, za dawa na vifaa, na ukivitazama bila kuambiwa kitu na mtu unaiona stoo: ukuta mnene, tundu ndogo za kupitisha hewa, majukwaa huku na huku na njia ya kupita katikati. Zamani zile hakuna friji, chumba cha chini ya ardhi ndiyo friji yenyewe. Shangazi alipoteremka kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja ukutani, akasema "baridi hii ndiyo waliyokuwa wakiitafuta."

Halafu akaiona minyororo juu ya jukwaa, akanyamaza na yeye.

Najua hapa kuna mtu ameshaanza kukasirika anasoma anasema huyu ni katika wale wanaoukana utumwa. Naomba anisikilize mpaka mwisho, maana hili ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Sisi Zanzibar habari ya utumwa hatujawahi kuizungumza kwa utulivu. Kuna anayeitaja ili kumchoma jirani yake, kuna anayeikataa kabisa anasema yote ni maneno ya wamisionari na wakoloni ya kuuchafua Uislamu na Waarabu, na tangu kabla ya 1964 mpaka leo kila uchaguzi ukikaribia yanafukuliwa yaleyale. Ninakaa barazani na watu wa kila aina, kahawa moja, na yule mkanaji silaha yake kubwa unaijua ni ipi? Ni hicho chumba cha chini. Anakwambia "si mmeona wenyewe, wanakuoneshea stoo ya dawa wanakwambia gereza la watumwa, basi na mengine yote ndivyo yalivyo." Na wewe unakosa la kumjibu, kwa sababu kwenye hicho chumba ana haki!

Yaani tumechukua jambo la kweli kabisa tukaliegemeza kwenye ukuta wa kuazima. Na jambo lenyewe halihitaji kuazima. Soko lilikuwepo, kanisa limekaa juu yake, na inasimuliwa madhabahu ipo pale palipokuwa na mti wa kuwafungia watu na kuwapiga viboko. Kabla ya hapo watu waliuzwa upande wa Shangani. Baada ya mkataba biashara haikufa, ilijificha, ndiyo maana nenda Mangapwani utakiona chumba kilichochimbwa kwenye jiwe kuleee mbali na macho ya balozi, cha miaka ya 1880 hivi, kile kilikuwa cha kufichia watu kweli. Na waliokwishakuwa watumwa mashamba ya mikarafuu hawakuachwa huru 1873, wamengoja mpaka amri ya Sayyid Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897, na hata hiyo masuria haikuwagusa, wao wamengoja mpaka 1909. Kwa hiyo manesi wa kwanza walipokuwa wakilala juu ya ile stoo, nje ya dirisha lao mji ulikuwa bado una watumwa wanapita. Hapo pana hadithi nzito kuliko ile tunayoisimulia, na hiyo hakuna atakayeweza kuipinga.

Na ushahidi mwingine tunao mdomoni wenyewe. Hii ninayoandika ni barua. Kibarua ni nini? Leo ni yule anayebeba zege kwa siku, lakini mji huu wa zamani kibarua alikuwa ni mtumwa aliyekodishwa kwa siku, na kijibarua chake mkononi, jioni ujira anagawana na bwana wake. Mzalia, suria, mateka, huru, mngwana, maneno yote haya kila moja lina mtu ndani yake. Mtoto wa skuli ukimweleza neno kibarua limetoka wapi hatolisahau na wala hakuna wa kumwambia kesho kuwa kadanganywa.

Mimi siwalaumu watembeza wageni. Mtu analishwa na hadithi, mgeni kalipa tiketi anataka kulia kidogo, na wewe una watoto wanangoja. Nilimuuliza mmoja, sitomtaja wala sitosema anafanya kazi na nani, kwa nini usiwaambie kuwa nyumba ni ya miaka ya 1890. Akanijibu, "Kaka, nikisema stoo ya dawa watateremka kufanya nini?" Jibu la ukweli kabisa, nilicheka. Lakini nadhani kakosea kuhusu wageni. Nendeni mkasome habari za kisiwa cha Gorée huko Senegal, kuna Nyumba ya Watumwa ya miaka ya 1770, miaka ya tisini wakazozana sana wanahistoria kama kweli watu wengi walipitishwa mlango ule au la. Mandela alishafika, Papa Yohane Paulo wa Pili alifika 1992, na baada ya ugomvi wote ule watu bado wanakwenda mpaka leo. Pahala pa kukumbuka panaweza kubaki pahala pa kukumbuka bila kusema uongo kuhusu ukuta. Pale kwetu lipo na lile sanamu la shimoni la 1998, la yule msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, watu watano wamesimama ndani ya shimo na mnyororo shingoni. Lile halijidai kuwa ni gereza la zamani. Ni sanamu, na kila mtu anajua ni sanamu, na bado watu wanalia.

Sasa nirudi kwa manesi maana hao ndio waliosahaulika kabisa na shangazi kaniambia nikiandika nisiwapite juu juu.

Watu wa UMCA hawakuwa wakilipwa mshahara. Walipewa pa kulala, chakula na pesa kidogo ya kujikimu, na akitaka kuoa au kuolewa anaiacha kazi. Fikiria mwanamke katoka Uingereza, hajui mbu ndiye analeta malaria kwa sababu mpaka 1897 alipokuja kugundua Ronald Ross hakuna aliyekuwa na uhakika, anakuja mji ambao 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu, maji ya visima, choo na kisima vinapakana, na dawa aliyonayo kubwa ni kwinini. Anauguza watu waliokuwa watumwa mwaka juzi, na watu ambao bado ni watumwa, na pengine na mabwana zao. Usiku anapanda ngazi za ile nyumba miguu imevimba. Hayo mimi siyatungi, ndivyo kazi ilivyo, muulizeni nesi yeyote wa leo kuhusu miguu.

Sisemi walikuwa malaika. Walikuja na dini yao na walitaka watu waifuate, dawa mkono huu kitabu mkono ule, na wazee wetu wengi walikuwa na hofu nao, na hofu ile ilikuwa na sababu. Hilo nalo liandikwe. Lakini pia iandikwe kuwa misheni ile haikuwa ya wazungu peke yao. Sayyid Majid, sultani wa kabla ya Barghash, alimpa Askofu Tozer aliyemtangulia Steere wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi, mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi. Cecil Majaliwa, naye aliyekombolewa utumwani, akawa padri 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Wasichana waliokombolewa walikuwa na skuli yao Mbweni. Haya majina ukiyasema pale uwanjani mtoto anaona watumwa waliendelea kuishi, wakawa watu wenye kazi na sauti, hawakubaki kuwa hesabu ya sabini na tano na hamsini. Na hata huyo Monika mwenye nyumba, mama yake Agustino, alikuwa mwanamke wa Afrika, katokea huko kunakoitwa leo Algeria. Mimi nilidhani ni mzungu mpaka nimekuwa mtu mzima, sijui kwa nini.

Ninachoomba ni kitu cha kufanyika bila mfadhili. Vyumba vya chini msivifunge. Wekeni kibao juu ya ngazi, kabla mtu hajashuka, Kiswahili kwanza tena herufi kubwa, kiseme nyumba hii imejengwa miaka ya 1890 kwa ajili ya manesi na watumishi wa misheni, soko lilikuwa limeshafungwa, na vyumba hivi mtavyoviona vinasimuliwa mjini hivi, lakini wanahistoria wanasema hivi. Mtu asome, ashuke, aamue. Na wale wenye leseni za kutembeza wageni mkiwaita semina, badala ya kuwafundisha tabasamu tu wapewe na hiyo miaka, 1873, 1897, 1909, mitatu hiyo inatosha. Na ukutani pahala popote, hata koridoni, wekeni habari za kota. Walilala wangapi, walikula nini, kengele ya usiku ilikuwa wapi. Nyumba ile baadaye imekuwa hosteli mpaka juzi tu, kuna watu mjini humu waliofua mashuka mule, waliopika, waliopanga vyumba, kawatafuteni wakiwa hai mkawarekodi. Kila msiba ninaokwenda naona maktaba nzima inafukiwa.

Jambo la jengo lenyewe pia sitaki kulipita. Mwaka 2016 yalipofunguliwa maonyesho pale, baada ya msaada wa Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, lilikuwa limependeza na linapendeza. Lakini sisi tumeona Beit al Ajaib, lile jumba la zamani la masultani pale Forodhani. Siku ya Krismasi 2020 upande mzima ukaja chini, mafundi wawili wakafa. Nilikuwa Forodhani dakika chache kabla. Mawe ya matumbawe na chokaa hayataki sherehe ya ufunguzi, yanataka mtu wa kupanda juu kila baada ya masika kuangalia maji yanatuama wapi. Shangazi aliona alama ya unyevu kwenye kona moja akaishika akanusa vidole, kisha akafuta kwa leso yake bila kusema kitu. Manesi wana macho hayo.

Tulipotoka tukakaa kwenye kivuli tukanunua maji ya madafu, nikamuuliza sasa shangazi umeonaje, umechukia? Akasema hakuchukia, ila imemuuma kidogo kuwa watu wote wale wanaoteremka kule chini wanapita kwenye mlango wa wenziwe na hakuna hata mmoja anayewauliza habari zao. Nyumbani Wete ana sanduku, ndani yake ipo kofia yake nyeupe ya unesi, ile ya wanga, ya mwaka aliomaliza mafunzo, na saa ya kubandika kifuani iliyokufa zamani. Watoto wake hawazitaki. Kasema mkikubali atazileta mwenyewe kwa boti mkazitie kwenye kabati ya kioo pale Mtakatifu Monika, sharti lake ni moja tu, muandike "kofia ya nesi, Pemba" na mwaka wake sahihi, msije mkamwambia mgeni kuwa ilikuwa ya mke wa balozi.

Ndimi mpita njia wenu wa Mkunazini.